Mawe ya Kijani Ndani ya Chujio

Mjukuu wangu, iko siku moja ambayo hata nikizeeka nikasahau jina langu, hiyo sitaisahau: siku baba mkwe wangu alipoingia jikoni mwangu. Unacheka? Ninyi wa siku hizi mnapika huku wakwe zenu wamekaa papo hapo, wanafunua sufuria. Wakati wetu, aka! Mkwe alikaa sebuleni, ukampelekea maji kwa magoti, macho chini, na jikoni kwa mke wa mwanawe hakukanyaga hata nyumba ikiungua.

Nakueleza haya kwa sababu sasa una lupango lako mwenyewe, kiwanja na nyumba, na ndani yake umechimba kisima, na juzi nilikusikia ukijisifu kwa wenzako kwamba maji yako yanang'aa. Neno hilo lilinitia baridi. Kaa hapa, hiyo bukari ya kusonga itangoja.

Mama yako alikuwa na mwaka mmoja tu. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Katuba, na mvua ikinyesha kisima chetu kilitoa maji mekundu kama matofali. Kanisani mama mmoja akatufundisha kutengeneza chujio: ndoo unaitoboa chini, unatandika kitambaa, kisha kokoto, mchanga, makala, yaani makaa, yaliyopondwa, na mchanga tena juu. Akamaliza kwa kusema, "Kiisha, mukichuja, muchemshe." Yale ya ndoo niliyashika yote. Ya kuchemsha yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Nilikuwa msichana wa kupenda vitu vizuri, tatizo langu lilikuwa hilo. Kokoto za barabarani niliziona mbaya. Mume wangu alikuwa ameniletea kutoka Kambove, kwenye migodi, mawe ya kijani, yale yenye mistari, ambayo watu huyasugua wakayaweka dirishani kwa urembo. Nikayapanga ndani ya ndoo, moja moja, kama mtu anayepamba keki ya arusi.

Maji yakatoka meupe pe! Majirani wakaja kutazama, nikajiona fundi. Walioniuliza kama nachemsha niliwajibu kwamba kuchemsha ni kwa wenye maji machafu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini nani angeniambia kitu siku hizo?

Baada ya siku chache mama yako akaanza kutapika. Nikasema ni meno. Akaanza kuharisha. Nikasema ni jirani, ana jicho baya. Mungu anisamehe, mwanamke wa watu alikuwa amemletea mtoto uji. Na hapa ndipo moyo unaniuma mpaka leo. Mtoto anayetapika anahitaji maji, hilo nilijua, basi nikampa maji. Kila akitapika, namwongezea, kutoka ndoo ile ile, kijiko kwa kijiko, huku nambembeleza. Macho yake yakaingia ndani. Akawa analia, machozi hayatoki.

Baba mkwe akaja kumwona mjukuu wake. Alikuwa mzee wa Kasai, mrefu, maneno machache, aliyemaliza ujana wake migodini Kambove. Nikapiga magoti, nikampa kikombe. Akatia funda moja kinywani, akaenda kulitema nje. Nikadhani nimemkosea adabu.

"Mama," akasema, maana ndivyo alivyoniita siku zote, "haya mayi inasikilika sawa chuma mu kinywa. Unachuja na nini?"

Nilionyesha jikoni kwa kidole. Akasimama kwenye mlango wa jikoni, akavua kofia yake.

"Unisamehe, mama. Leo naingia."

Akaingia, akapindua ndoo yangu sakafuni, mchanga na makala yote, mpaka mawe yakatokea. Akaokota moja.

"Haya majiwe nilichimba miaka yote. Ndani iko shaba. Shaba ni ya kutengeneza waya, haiko ya kunywesha mutoto!"

"Lakini baba, mayi iko inang'aa," nikasema, nikilia.

"Na kioo inang'aa. Utakula kioo?"

Hakungoja jibu. Alichukua kitenge changu, akamfunga mtoto mgongoni, mzee mzima, akatoka kwa miguu hadi dispansari, na mimi nikimkimbilia nyuma. Watu barabarani walitucheka, yeye hata hakugeuka. Muuguzi akampa mtoto maji ya chumvi na sukari, na sindano ya maji mkononi. Akaniuliza kama nachemsha. Nikatikisa kichwa. Akauliza choo kiko wapi. Nikamwambia kiko nyuma ya kisima, hatua kumi tu. Akasonya. Mpaka leo sijui kilichomwangusha mama yako zaidi ni shaba ya mawe yangu au uchafu wa choo. Vyote viwili nilimnywesha mimi.

Alipona, ndiyo maana wewe upo. Mzee hakumsimulia mtu, hata mwanawe. Siku mtoto alipocheka tena, alikuja na gunia la mchanga, tukauosha pamoja mpaka maji yake yakaacha kuwa na tope. Tulichuja, tukachemsha, nikapiga magoti kumpa kikombe. Akakisukuma kwangu. "Mwenye kuchuja anakunywa wa kwanza. Mugeni nyuma."

Basi mwanangu, sikiliza. Chujio la mchanga na makala linashika tope na harufu, vijidudu vinapita. Kwa hiyo ukishachuja, chemsha mpaka yatokote kwelikweli, kisha funika. Ukitumia dawa ya matone, tia kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa, maana kwenye tope haina nguvu. Makala ubadilishe mara kwa mara, na mchanga uoshe. Kokoto chukua za kawaida, hata ziwe mbaya za kutisha. Na yale madumu ya buluu yanayotoka migodini usiyatie maji hata uyaoshe mara mia, hujui yalibeba asidi gani. Lakini maji yakiwa na ladha ya chuma, hapo usishindane nayo. Moto hauui shaba, unapunguza maji na shaba inabaki. Peleka chupa kwa wanaopima, na mkingoja majibu mnywe ya kwingine. Choo kiwe mbali, upande wa mteremko, chini kuliko kisima. Kuuliza si ujinga. Majuto ni mjukuu, na mimi nusura nikose hata mtoto.

Mungu akulindie nyumba yako. Kisima chako kisikauke, watoto wako wanywe wakue, na mlangoni pako wasikose wageni wenye kiu. Na Jumapili nikija, usinipigie magoti. Simama mbele yangu, ukinywe wewe kwanza hicho kikombe, nikuangalie. Kisha unipe.