Bega la Mwalimu

Binti wa fundi cherehani sasa ni mtu mzima, mkunga mwenye wajukuu wawili, na kila Jumapili anaandika utoto wake kwa beti. Beti zilipofika darasa la tano kalamu ikagoma. Hasira ilimpanda upya, mbichi kabisa, na ana haki nayo. Kuna dhuluma hazizeeki.

Baba yake alipima watu mdomo umejaa pini. "Kifua, arobaini. Kiuno, thelathini na nne. Andika, mama." Naye binti, juu ya marobota ya vitambaa, aliandika kwenye daftari la vipimo. Madaftari ya shule yalikaguliwa ukurasa kwa ukurasa, kwa hiyo maneno yake mwenyewe aliyaficha humo, chini ya viuno vya watu. Siku moja mstari ukazidi mizani. Akauhesabu kwa vidole, akapunguza neno hapa, akaongeza pale, kama baba anavyopunguza suruali, mpaka ukakaa. Moyo ulimdunda! Tangu siku hiyo hakushikika.

Halafu mwalimu akaagiza kila mtoto atunge ubeti. Wake ulihusu cherehani. Mwalimu aliusoma mara mbili, akavua miwani.

"Umenakili wapi?"

"Nimetunga mwenyewe, mwalimu."

"Wewe? Mtoto wa fundi nguo? Usinifanye mjinga. Kesho niletee hicho kitabu ulichoibia, la sivyo utachapwa mbele ya shule nzima."

Mtoto wa daktari alisoma ubeti usio na kichwa wala miguu, akapigiwa makofi. Huyo hakuulizwa kitabu.

Kesho yake mwalimu aliingia na fimbo, amevaa koti lake la kijivu lililoshonwa na baba wa binti.

"Kitabu kiko wapi?"

"Hakipo, mwalimu. Naomba chaki."

Mwalimu akacheka, akampa. "Haya, tunga tukuone."

Akaandika ubaoni:

*Bega moja liko chini, la pili limenyanyuka,*
*Pamba ikatiwa ndani, bega likasawazika,*
*Vipimo vi kitabuni, mimi niliyeandika,*
*Nimeiba kwake nani, mwalimu, umeridhika?*

Darasa lililipuka kwa kicheko. Mwalimu alijishika bega kabla hajajua anafanya nini, na hapo kila mtu akajua. Ubeti ule usingeweza kutoka kwenye kitabu chochote duniani.

"Kaa chini," alisema. Fimbo haikuinuliwa. Samahani nayo haikutoka.

Kufikia mchana shule nzima ilikuwa ikimwita mwalimu Bega, na jioni habari zilikuwa zimefika dukani. Baba alisimamisha cherehani.

"Ni kweli umefanya hivyo?"

"Aliniita mwizi, baba!"

"Amekukosea, tena sana. Ningemfuata mimi mwenyewe nikamwambia. Lakini yule mtu alivua shati mbele yangu akiamini neno halitatoka humu ndani. Limetoka, tena kwenye daftari langu. Lilete."

Akalileta. Kuanzia siku hiyo baba aliandika vipimo mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kuku, akiacha utepe kila mara ashike kalamu. Binti akakaa juu ya marobota mikono mitupu, hasira mbili kifuani: moja kwa mwalimu aliyemdhulumu, nyingine kwa baba aliyekuwa sahihi.

Mwalimu alistaafu bila kuomba radhi. Sasa humwambia kila anayekutana naye kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mkunga yule kutunga. Uso wake hauna haya!

Lakini linalomkwamisha mkunga Jumapili hii si uongo huo. Ameapa kuandika ukweli mtupu, na ukweli ni kwamba siku ile, alipoweka chaki chini akageuka, akaona macho arobaini yamemsoma, alifurahi. Alifurahi kuliko siku yoyote ya utoto wake, na kila akijaribu kuijutia furaha ile, hawezi.