Nilimdanganya mume wangu kuhusu mashine ya risasi

Salaam aleikum nyote. Admin, jina langu usilitoe, hapa Isiolo tunajuana. Nina miaka ishirini na nne na watoto wawili, mkubwa msichana wa miaka mitatu, mdogo bado ananyonya. Tunaishi Chechelesi, vyumba viwili. Nimechoka, na shida yenyewe nimejiletea.

Mume wangu ni polisi rizavu, wale wa kulinda mifugo. Ni mpole, hajawahi kuninyooshea mkono. Mwaka jana wezi wa ng'ombe waliwapata yeye na mdogo wake kisimani. Mdogo wake risasi zikamwishia, wakamuua hapo. Tangu siku hiyo mume wangu husema, "Bunduki bila risasi ni fimbo, mama watoto. Na fimbo kila mtu anayo."

Akaanza kuokota maganda ya risasi, anayaweka kwa mkebe chini ya kitanda. Halafu akaona kwa simu kuna mashine ya kuyajaza tena ukiwa nyumbani. Yeye Kiingereza kinamshinda, mimi nilimaliza form four, kwa hivyo kila akitoka kuswali ananipa simu, "Nisomee." Iko moja ya polepole, risasi moja unavuta mkono wa mashine mara nyingi. Iko nyingine inazunguka, kila ukivuta, moja inaanguka imekamilika. Anaipenda hiyo. "Hii ni posho mill kabisa, kama ya kusaga unga!" anacheka. Nikamwambia serikali ikijua atafungwa. Akanijibu, "Serikali ilikuwa wapi siku ya kisima?"

Siku moja nikamkuta msichana wangu anapuliza ganda kama firimbi. Nikawaza, hii ni ganda tu, na baruti ikiingia humu? Mume aliponipa simu nikajifanya nasoma. Nikasema, "Wameandika hii ya haraka haikai nyumba iko na watoto na jiko. Inataka nyumba yake peke yake." Hakuna mahali imeandikwa hivyo. Nilijua hatuna chumba kingine, nikafikiri atachoka aachane nayo.

Siku mbili zikapita. Ijumaa akarudi kutoka msikitini anatabasamu. "Nimepata njia. Wewe na watoto mtakaa Kinna kwa mama yako, hii nyumba niiachie mashine. Nimeshampigia mama, amefurahi sana."

"Unatufukuza?"

"Nikufukuze vipi? Si ni wewe ulisoma?"

Sasa nguo za watoto amezifunga kwa gunia, Jumapili tunaenda. Mashine bado hajaagiza, ananiuliza kila siku neno la mwisho ni ipi, ya haraka au ya polepole. Nimemwambia kusoma sisomi tena, na hilo sibadilishi. Lakini nikikiri nilidanganya, ataileta hapa hapa watoto wanapolala, na hataamini tena kitu nikimsomea, hata dawa ya mtoto. Nikinyamaza, nimejiondoa kwa ndoa yangu kwa mdomo wangu, na yeye anabaki peke yake na baruti. Nikimwambia baba yake, huyo mzee amezika kijana mmoja tayari, labda atamwambia anunue mbili.

Nyinyi mngefanya nini kabla ya Jumapili? Nishaurini, lakini mume wangu msimtukane. Anaogopa kufa tu, na mimi pia naogopa afe.