Maji ya Chumvi Ndani ya Rejeta

Baba alipofariki, miezi michache baada ya mama, alituachia ploti Kitengela, nyumba ya mabati ya vyumba viwili, na gari la spoti la milango miwili. Alikuwa amelinunua kwa Mzungu wa kiwanda alichofanyia kazi, aliyekuwa akirudi Ulaya. Lilikuwa jekundu na la chini sana, na taa zake za mbele zililala ndani ya boneti, zikiinuka ukiziwasha. Mama alikuwa akisema ni gari la watu wasio na watoto. Sisi tulikuwa watoto wanne.

Mimi ndiye wa kwanza. Nilikuwa kidato cha pili na sikurudi shule. Walionifuata ni ndugu yangu wa darasa la saba na wasichana wawili wadogo.

Baada ya mazishi, baba mdogo alikuja kutoka Machakos akaketi nasi. Aliongea kwa upole. Gari angelichukua yeye. Ndugu yangu angeenda kuishi kwake, wasichana wangegawanywa kwa shangazi zetu, nami ningetafutiwa kazi ya nyumba Nairobi. Nilimwambia tutakaa pamoja. Akauliza tutakula nini. Nikasema nitabeba maziwa ya kuuza kwa gari la baba, kwa sababu baba alikuwa amenifundisha kuendesha kwenye uwanda nyuma ya ploti. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema sawa, atakuja Krismasi. Akikuta watoto wanakula na hakuna aliyefukuzwa shule, atatuacha. La sivyo, watoto wataondoka naye siku hiyo hiyo.

Kwa Wamaasai maziwa ni mali ya wanawake, kwa hiyo biashara yangu ilikuwa na mama mmoja wa upande wa Kajiado. Nilimwita yeyo, yaani mama. Alikusanya maziwa ya boma lake na ya majirani, akanisubiri kando ya barabara. Tukishasalimiana "sopa" hakuwa na maneno mengi. Nilikunja kiti cha mbele, nikapanga mitungi nyuma pale ambapo miguu ya mtu haikutosha, nikarudi Kitengela kabla jua halijawa kali. Maziwa yalinukia moshi wa kibuyu. Wenye hoteli nilizouzia walilalamika wiki ya kwanza, halafu wateja wao wakaanza kuyaulizia.

Gari lilianza kuharibika kwa kitu kidogo. Taa ya kushoto ilikataa kuinuka. Fundi wangu, mzee wa makamo aliyefanya kazi nyuma ya kituo cha mafuta, aliniambia mota ya taa hiyo inapatikana Nairobi tu, na bei nikiisikia nitakaa chini. Akaiinua kwa mkono, akaifunga kwa waya. Tangu hapo gari lilitembea mchana likiwa limefungua jicho moja.

"Dada, leo gari yako inakonyeza nani?" aliniuliza mpishi wa hoteli moja.

"Inakonyeza tajiri wako. Mwambie alipe maziwa ya jana."

Kisha sailensa ikang'olewa na matuta. Kisha klachi. Nilijifunza jinsi watu wa spea walivyo. Ukitaja gari la kawaida wanakutajia bei bila kukuangalia. Nilipotaja la kwetu walitabasamu kwanza, wakaniuliza habari za nyumbani, ndipo wakataja bei. Klachi ile ilikula pesa niliyokuwa nimeweka ya sare za shule. Wasichana walivaa zile za zamani, nikashusha pindo.

Halafu injini ikaanza kuchemka. Mshale wa joto ulipanda nikikaribia Isinya, nami nikasimama, nikangoja, nikaongeza maji. Maji ya mvua tuliyaweka kwenye pipa kwa ajili ya kunywa. Ya kisima kirefu cha jirani yalikuwa na chumvi, sabuni haitoi povu, chai haipikiki. Hayo ndiyo tuliyooshea vyombo na kupigia deki, na ndiyo yaliyoingia kwenye rejeta. Hata fundi aliyamimina mwenyewe, kila mara, kutoka kwenye jerikeni lake. Hakuna mtu Kitengela ambaye angetia maji ya mvua kwenye gari.

Muhula wa tatu ulipoanza, asubuhi moja gari lilitetemeka, likatoa moshi mweupe nyuma, likazima. Nilikaa kando ya barabara hadi maziwa yakaganda. Lilipovutwa hadi kwa fundi, alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa; maji yalikuwa yameingia.

Alifungua kichwa cha injini akanionyesha. Njia za maji zilikuwa zimetoboka kama mahindi yaliyoingiwa na fukusi.

"Ni chumvi," akasema. "Ni haya maji yetu."

"Na yale malori unayatia maji gani?"

"Haya haya. Lakini lori ni chuma. Hii ni alumini."

Injini nyingine, hata iliyotumika, ilikuwa ghali kuliko gari lenyewe. Fundi alinishauri nilifunike kwa turubai, ni kitu cha marehemu, labda Mungu atafungua njia. Nilimwambia aliuze vipande vipande. Akatafuta spana.

Kinyozi alichukua viti vya mbele. Mtu wa Ngong aliyekuwa na gari kama lile alichukua milango na taa zote mbili. Wengine walichukua magurudumu, rejeta, mabati ya bodi. Nililipa shule, na pesa iliyobaki ikawa nauli. Yeyo alikubali kuleta maziwa stendi ya Kajiado, nami nikawa napanda basi la kwanza na mitungi yangu.

Baba mdogo alikuja Krismasi kama alivyosema. Alisimama mahali gari lilipokuwa likiegeshwa, akaangalia doa la oili.

"Gari iko wapi?"

"Niliuza."

"Yote?"

"Kinyozi ako na viti."

Aliuliza ni nani aliniruhusu. Nikamwambia watoto wamekula, na hakuna aliyefukuzwa, awaulize. Akawauliza mmoja mmoja, nao wakajibu wamesimama. Alikunywa chai nusu kikombe. Mpaka leo sijui alikuwa amefuata watoto au gari.

"Basi," akasema. "Wakae."

Aliondoka kabla ya chakula. Nilisimama mlangoni nikingoja kusikia kitu moyoni, furaha au hata hasira. Hakikuja. Kitinda mimba wetu alitoka chumbani na mfuko wa plastiki. Alikuwa amepakia nguo zake bila kuambiwa.

"Nizitoe?"

"Zitoe."

Akaanza kuzitoa moja moja na kuzipanga kitandani. Mimi nikaenda kuosha mitungi.