Pindo la Shubiri Moja

Fundi cherehani huyu tunamwita Mama Pindo, na jina kalitolea jasho. Mteja akimharakisha, anaambiwa haraka haraka haina baraka, kisha anakalishwa kwenye benchi mpaka adabu imrudie.

Siku aliyoingia katika maktaba yetu ya historia ya wanawake, mimi mkutubi nilikuwa nikiwatembeza wageni. Tulisimama mbele ya picha ninayoipenda kuliko zote: maandamano ya wanawake, miaka thelathini na sita iliyopita, na mbele kabisa, kando ya bango la kitambaa, mwanamke kainua ngumi. Chini yake niliandika, "Shujaa asiyejulikana." Ngumi hiyo tumeichapa kwenye kadi, mifuko, hata mlango wa choo.

Mama Pindo akasema huyo ni yeye. Kwa furaha nikamwomba awaeleze wageni alichodai siku ile.

"Nilidai wapunguze mwendo," akasema. "Hiyo si ngumi, mwanangu. Hapo navuta uzi."

Wageni walicheka. Mimi nilikuwa nimekwisha kuitolea ngumi ile mihadhara mitatu. Akaeleza kwamba bango aliletewa asubuhi ileile, wenzake wakakataa kungoja, akawa analishona huku akitembea kinyumenyume. Ikabaki shubiri moja ya pindo, kiongozi akalinyakua bango.

Alikuwa amesikia kwa mkwe wake kwamba bango lipo kwetu. Kweli lipo, kwenye kabati la kioo, na shubiri ile iko wazi. Pembeni niliandika, "Pindo lililoachwa wazi: ishara ya mapambano yasiyokwisha." Akasoma polepole, akatoa sindano kwenye kilemba.

Nikamwambia kanuni hairuhusu kugusa kumbukumbu. Hakubishana. Alikaa kwenye benchi, akaishika ile sindano kwa mikono miwili.

"Naumia, mwanangu. Sitaki kufa watu wakasema pindo lile ni langu."

Niliona haya. Miaka yote nimehubiri tusikilize wanawake, na huyu hapa namsomea kanuni. Nikafungua kabati, nikamshikia kitambaa. Alishona taratibu, akakata uzi kwa meno.

Kwenye picha nikaondoa "asiyejulikana," nikaandika jina lake kamili, na chini yake, "Fundi akiharakishwa." Kisha nikaanza kubandua kile kibandiko changu cha mapambano. Akanishika mkono.

"Hicho kiache," akasema. "Kilichokwisha ni pindo."