Leonida Aligawa Dawa Yake

Saa mbili asubuhi, muuguzi Rael Mirumbe anainama kuingia nyumbani kwa Leonida, Muhuru Bay. Nje, omena, dagaa wa ziwani, wametandazwa juani. Ndani, Leonida anakohoa huku akimsogezea mgeni kiti kimoja kilichopo.

"Sista, umekuja kunichunguza ama kunywa chai?"

"Chai kwanza, mama."

Rael anatibu kifua kikuu katika zahanati yenye wauguzi wawili tu. Kwa miezi miwili Leonida alimeza dawa mbele yake kila siku. Alianza kunenepa, akaruhusiwa kumezea nyumbani. Sasa amekonda tena.

"Dawa unameza zote?"

Leonida anatazama mlangoni. Mke mwenzake, Nyaboke, anageuza omena huku naye akikohoa.

"Tunagawana," anasema polepole. "Sisi tunakula sufuria moja. Nitameza aje peke yangu nikimsikia vile anakohoa?"

Rael hagombi. Anamshika mkono.

"Ulimhurumia. Lakini dawa hii ilipimwa kwa uzito wako. Ukimeza nusu, ugonjwa haufi, unaizoea dawa. Baadaye hata ukimeza yote, haitakusaidia. Na yeye ni vivyo hivyo."

"Basi mpe zake."

"Nitampa akipimwa makohozi."

Nyaboke amesikia. Anasimama mlangoni, mikono ikinuka samaki.

"Nikipatikana na hii kitu, mzee atanirudisha kwetu Kisii. Watoto wangu watabaki hapa."

"Akurudishe, halafu nani atanipikia?" Leonida anamwuliza. "Yeye? Hata maji anaunguza."

Wanacheka, kisha kikohozi kinawashika wote wawili. Rael anangoja kitulie, anampa Leonida maji.

Mwaka jana Rael alihudhuria mazishi ya wagonjwa wake tisa. Wengi, anasema, waliacha dawa walipopata nafuu.

Leonida atalazimika kuanza matibabu upya. Hakuna anayeweza kumwahidi kwamba dawa bado itamsaidia, na Rael amemweleza hivyo bila kumficha.

Jumatatu muuguzi huyo anapanga kuwapeleka wote wawili hospitali ya Homa Bay wakapimwe. Nyaboke hajakubali. Amesema tu, "Ongea na mzee kwanza."

"Nitaongea naye leo jioni," Rael anasema akitoka. "Nataka mpone nyote. Mmoja wenu akifa, mwingine atajilaumu maisha yake yote. Na hamkufanya lolote ila kuoneana huruma."