Nsansa za Bibi Yustina

Padri aliwahi kuniambia kwamba kinyongo humla anayekifuga. Changu nimekifuga miaka thelathini na mitatu, kimenenepa vizuri, na mimi mwenyewe sijapungua hata kilo.

Bibi yangu Yustina alinilea Usoke baada ya mama kufariki. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa kijiji cha pili, na macho yake yalikuwa mekundu. Macho yale yalikuwa ya moshi tu. Misimu ishirini na zaidi alichochea moto kwenye bani la Babu Dionis, banda la kukaushia tumbaku, na jikoni kwake hapakuwa na dirisha. Nayataja mapema kwa sababu ndiyo yaliyokuja kumponza.

Nsansa kila nyumba kwetu inazo. Ni majani ya kunde, unayachemsha, unayaanika juani mpaka yawe makavu, na kiangazi kikija unayaloweka na kuyapika kwa karanga. Lakini za Bibi watu walizifuata kutoka stesheni. Karanga alitwanga Babu mwenyewe, mwanamume mzima na mchi mkononi. Waliopita walimuuliza, "Dionis, siku hizi umeolewa?" Naye akajibu, "Ndiyo, na nimeshiba kuliko wewe." Magadi Bibi alitengeneza kwa majivu ya maganda ya karanga. Aliyatia kwenye kibuyu kilichotobolewa chini, akakitundika mlangoni, akamwagia maji, yakawa yanadondoka taratibu, mekundu kama chai ya rangi. Karanga zikishaingia chunguni hukufunika tena. Ulikoroga upande mmoja tu mpaka mafuta yaelee.

Na kabla hatujanawa, Bibi alimega tonge la kwanza, akachovya, akala mbele yetu. Kuondoa uchawi, ndivyo tunavyosema. Mpishi asiyeonja mbele ya anaowalisha, huli chakula chake.

Babu alipofariki, mwanawe Benjamini, baba yangu mdogo, alitupeleka kwake mjini, mtaa wa Ng'ambo, mimi na Bibi, tukapewa chumba cha uani. Mkewe Flavia alikula nsansa zile akaomba na ukoko. Miezi sita baadaye mtoto wake akapata degedege. Akapona, Mungu si Athumani, lakini Flavia alikuwa ameshafika bombani na ndoo yake.

"Mama mkwe wangu ana kibuyu kinadondosha usiku kucha," aliwaambia wenzake. "Na macho yake mmeyaona wenyewe."

Kwetu maneno hayo si ya mchezo. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa macho mekundu. Wiki ile ile mtaa mzima ulijua.

Mtoto alipobatizwa, Bibi alipika nsansa chungu kizima, akakileta mbele ya wageni. Akaonja. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akaonja tena, akaonja mara ya tatu, huku anatabasamu kama anayewabembeleza watoto. Baba mdogo alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikakaa chini nikala peke yangu, nikala kwa hasira, nikashindilia mpaka nikatapika palepale. Kutapika kwangu ndiko kukawa ushahidi wao.

Tulirudi Usoke. Wiki haijaisha, chumba chetu cha uani kikapata mpangaji. Bibi aliishi miaka miwili zaidi, na alipofariki, mazikoni walikuja katekista na wachimba kaburi wanne tu. Siku ile niliapa kwamba Flavia atasema kwa kinywa chake, mbele za watu, kwamba alisema uongo.

Leo mimi ni mama lishe hapa nje ya hospitali ya Kitete. Wauguzi na wenye wagonjwa wanakula kwangu, na nsansa ndizo zinazokwisha kwanza. Mwaka jana baba mdogo akanipigia simu. Flavia alikuwa na kansa ya tumbo, madaktari walishamrudisha nyumbani, na chakula hakipiti. "Anataka nsansa za mama," akasema. "Ni wewe tu unayezijua, Adelina."

Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Kisha nikaloweka nsansa.

Nilichagua Jumamosi, kwa sababu wanawake wa jumuiya walikuwa wanakwenda kumsalia rozari. Nilipika kama Bibi, bila kupunguza kitu. Nilipofunua hotipoti mle chumbani, hata waliokuwa wanasali walipoteza hesabu ya Salamu Maria.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Harufu imenifikia tangu uko mlangoni." Alikuwa amebaki mifupa. Nikampakulia, nikamnawisha, nikakaa. Akanisubiri. "Haya, onja basi."

"Nitaonja. Kwanza waambie hawa kina mama, Bibi Yustina alikuwa mchawi?"

Rozari ikasimama.

"Mambo ya zamani hayo, Adelina."

"Yangekuwa ya zamani ungeshakula."

Mate yalimjaa, nikayaona. Mkono wake ulitambaa kwenye mkeka mpaka ukingo wa sahani, ukarudi. Nakiri nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku ya ndoa yangu. Mwenyekiti wa jumuiya akanong'ona, "Adelina, onja tu mama, mgonjwa ale." Nikasema hapana. Neno moja lake kwa tonge moja langu.

Flavia akajiinua kwa kiwiko. "Sina cha kusema," akasema. "Kama ni za kunimaliza, zinimalize nimeshiba." Akavuta sahani. Akala zote, taratibu, akasafisha sahani kwa kidole, na hakutapika. "Ni zenyewe," akasema, akageukia ukutani akalala. Nikakusanya vyombo vyangu nikiwa na hasira ya kupasua ukuta, maana alikuwa ameshiba na hakusema.

Jumanne akafariki.

Madaktari walishasema mwezi hautaisha akiwa hai. Lakini wanawake wanane walikuwa wameniona nakataa kuonja, na wanawake wanane ni redio tosha. Mtoto wa nyoka ni nyoka, wakasema msibani, na mkeka niliokaa ukawa wangu peke yangu. Tonge moja tu! Ningelitia mdomoni yangeishia pale. Nilikwenda kulisafisha jina la Bibi, nikaliongezea mashahidi. Sasa wauguzi wananunua chai kwangu, chapati wanatoa kwingine. Na bado sijamsamehe Flavia. Kwanza sasa nina sababu mbili.

Baada ya matanga baba mdogo alikuja. Ana miaka sabini na sita, anatembea na fimbo. Akakaa kwenye benchi tupu, akatazama kulia na kushoto.

"Adelina, mwanangu. Niambie mimi tu, sitamwambia mtu. Uliweka nini kwenye zile nsansa?"

Sufuria ilikuwa motoni. Ningeweza kuchota kijiko nikala mbele yake, akaondoka na amani. Nilimtazama mzee huyu aliyekuzwa kwa mkono ule ule wa Bibi, aliyekula mboga ile tangu hana meno, na mkono wangu ukakataa.

"Niliweka alivyokuwa anaweka mama yako," nikamwambia.

Akafikiri. Akasogea karibu, akashusha sauti.

"Na mama alikuwa anaweka nini?"

"Nenda Usoke," nikasema, "ukamuulize kaburini." Nikamgeuzia mgongo nikaendelea kukoroga.