Bunduki ya Mwenyewe

Kila nikifungua kichupa cha mafuta ya cherahani, harufu yake nyepesi, yenye ukali kidogo puani, hunirudisha Ibra, Omani, kwenye ukumbi wa babu yangu mzaa baba. Babu hakuwa fundi wa nguo. Mafuta yale, yaliyokuwa ya bibi, aliyefariki kabla sijazaliwa, aliyatumia kusafishia bunduki.

Ilikuwa bunduki ya marisau ya Kibelgiji, ya zamani, yenye mgongo ulioinuka nyuma kama nundu ya ng'ombe. Babu aliiita “inayojishindilia,” neno la watu waliozoea magobore. Ukiipiga, mtutu wote hurudi nyuma, ganda hutupwa nje, na risasi nyengine huingia yenyewe. Alinionesha pete ya shaba iliyofichwa chini ya mtutu, inayopunguza kishindo, akaipangusa kwa kitambaa cha fulana kama anayempangusa mtoto uso. Nami, mgeni wake wa likizo za skuli, nilikaa mkekani nikimtazama. Siku nyengine hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Majirani walikuwa wema, lakini walizungumza naye Kiarabu. Kiswahili chake kilinisubiri mimi, na changu kilikuwa haba.

Likizo moja baba, aliyefanya kazi Maskati, alimshauri aiuze bunduki, aifunge nyumba, ahamie kwetu. Babu hakubisha. Ijumaa ile aliifunga katika shuka, akanipakia garini, tukaenda Nizwa.

Nyuma ya soko, katika kiduka chenye majambia ukutani, alikuwapo mnunuzi wa silaha za kale, mtu mnene mwenye miwani, mzaliwa wa Unguja kama babu.

“Shikamoo, mzee wangu. Umeniletea maiti au bwana harusi?” alisema, akiitazama shuka.

“Marahaba. Fungua uone.”

Aliikagua bila haraka. Alivuta mtambo, akasikiliza unavyorudi. Alipitisha kidole juu ya nakshi. Aliifungua akaitazama pete ya shaba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafika kwenye kitako, uso ukamkunjamana.

“Lahaula! Nani kakikata hichi? Seremala wa vitanda?”

“Nimekikata mimi.”

“Wewe, mzee? Chuma kizima, nakshi nzima, halafu umeikata miguu! Watu wanaozikusanya hizi wanataka kila kitu kama kilivyotoka kiwandani.”

“Kilikuwa kirefu kwa mwenyewe.”

Mnunuzi alivua miwani. “Na mwenyewe karidhia iuzwe?”

“Mwenyewe hayupo.”

Utani ulimwisha usoni. Aliifunga bunduki katika shuka, akamkabidhi babu kwa mikono miwili. “Irudishe nyumbani, mzee wangu. Bei ya hii mimi siijui.”

Kwa Kiswahili changu, mwenyewe alikuwa mwenye mali, basi. Nikaelewa, kwa uhakika wa mtoto, kwamba babu alikuwa akiuza kitu cha mtu na mnunuzi mwaminifu amemgundua. Aibu ilinichoma masikio. Tulipoipita Sinaw, mbuzi wakishushwa kwenye magari kando ya barabara, nilijikaza nikauliza:

“Babu, mwenyewe atakuja lini kuichukua?”

“Haji, mjukuu wangu. Sisi ndio tutakaomfuata.”

Nilishusha pumzi. Kumbe tutairudisha! Tangu hapo kila likizo niliingojea safari hiyo, na kila mlango ulipobishwa nilikimbilia uani nikiogopa kwamba mwenyewe amechoka kungoja. Babu hakuhamia Maskati. Aliendelea kuipaka mafuta bunduki asiyoipiga, mpaka alipokwenda, bila ya kunichukua.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeolewa, shangazi mmoja alinipigia simu kutoka Unguja. Baada ya kuniuliza khabari za watoto, akasema, “Na mwenyewe yupo?”

“Nyumba hii ni yetu, shangazi,” nilimjibu. “Hatukupanga.”

Alicheka hata akakohoa. “Mumeo, mwanangu! Nani anayekuuliza nyumba?”

Nilikaa na simu mkononi, imekwisha kukatika, nikimwaza bibi.

Bunduki sasa iko kwangu, kwa kibali, kabatini. Jioni ile niliitoa, nikahakikisha ni tupu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaiweka begani. Mimi ni mfupi, mfupi kuliko wote kwetu, na sikuwahi kuambiwa nimemrithi nani. Kitako kilikaa begani kama nilichopimiwa.

Nikageuka nimwambie mtu. Mume wangu alikuwa sebuleni, na watoto walikuwapo. Lakini neno lenyewe lilikuwa la Kiswahili, na nyumbani mwangu hakuna wa kulipokea.